Kukadiria utamu wa mchanganyiko kabla ya kukoroga: mwongozo kamili wa sukari na viongeza utamu

Aspatemu hutajwa kuwa tamu mara 200 kuliko sukari. Mtengenezaji wa sharubati anachukua kikokotoo: kila lita ilikuwa na gramu 100 za sukari, 100 gawanya kwa 200 ni nusu gramu. Anapima nusu gramu, anakoroga, anaonja, kinywaji ni chapwa. Utamu alioupata ni wa gramu 75 hivi za sukari. Anatia nusu gramu nyingine akitarajia utamu uruke hadi 150, nao unaishia kwenye 103.

Kilichomponza ni ile hesabu ya kugawanya. "Mara 200" ni kweli kwenye kiwango kimoja tu cha utamu. Juu ya hapo namba inashuka, chini yake inapanda. Na akichanganya viongeza viwili, mambo hubadilika tena, kwa sababu baadhi ya jozi hutiana nguvu na nyingine hazisaidiani hata kidogo. Yote haya yanaweza kukadiriwa kwa kalamu na karatasi, kisha kuthibitishwa kwa ulimi. Mwongozo huu unahusu vinywaji, maana humo ndimo hesabu inapofanya kazi vizuri zaidi. Keki, maandazi na aiskrimu zina mambo mengine mengi ya muundo ambayo utamu peke yake hauyatatui.

Vifaa

Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima inatosha kwa sukari, lakini haifai kabisa kwa vile viongeza vinavyotumika kwa miligramu. Tafuta mizani ndogo ya sonara inayosoma gramu 0.01. Hata hiyo haipimi miligramu 100 kwa uhakika, kwa hiyo usipime dozi yenyewe: tengeneza maji mama. Pima gramu 1.00 ya kiongeza, iyeyushe, jaza maji hadi mililita 100 kamili. Kila mililita sasa ina miligramu 10. Bomba la sindano la mililita 5 au 10, lisilo na sindano, litakupimia kilichobaki. Aspatemu huyeyuka polepole kwenye maji baridi na haifiki kiwango hicho kirahisi, hivyo yeyusha gramu 1 kwenye lita nzima. Mililita moja itakuwa na miligramu 1.

Vipakiti vya mezani usivipime kama kiongeza halisi. Kipakiti cha gramu 1 cha sukralosi kina miligramu 12 hivi tu za sukralosi, na zilizobaki ni unga wa kujazia kama glukosi au maltodekstrini. Hesabu yote hapa inahitaji unga safi. Soma namba kwenye lebo: asesulfemu-K ni E950, aspatemu E951, saiklameti E952, sakarini E954, sukralosi E955, glikosidi za stevia (vile viini vitamu vya jani la stevia) E960.

Kipimo kimoja cha kusemea utamu

Utamu wote utausema kwa lugha ya sukari. Utamu 5 maana yake ni tamu sawa na maji yenye gramu 50 za sukari kwa lita. Utamu 10 ni gramu 100 kwa lita. Soda nyingi zenye sukari ziko karibu na 10 au 11.

Sukari ya kulinganishia yeyusha kwa maji kidogo, kisha ndipo ujaze hadi lita. Ukimimina gramu 100 kwenye lita moja kamili ya maji, utapata mililita 1,062 hivi, na utamu wako utakuwa 9.4, si 10. Kosa hili ni dogo machoni lakini linatosha kuharibu jaribio zima, na hujirudia mara nyingi.

Sukari na jamaa zake: hapa kuzidisha kunatosha

Viongeza vinavyotumika kwa gramu vina mstari ulio karibu kunyooka: ukiongeza maradufu, utamu unakaribia maradufu. Kwa hiyo kila kimoja kipe namba yake, zidisha kwa gramu, kisha jumlisha. Namba za kuanzia, sukari ya kawaida ikiwa 1: fruktosi 1.2 kwenye kinywaji baridi, glukosi 0.7, laktosi 0.2, maltosi 0.4, zailitoli 1, maltitoli 0.9, erithritoli 0.65, sorbitoli 0.6, alulosi 0.7.

Namba mbili kati ya hizi zinahitaji uangalifu. Glukosi huwa 0.6 hivi kwenye maji mepesi, lakini hupanda kufika 0.7 na zaidi utamu unapozidi. Ikiwa umeichanganya na sukari, tumia namba inayolingana na utamu wa mchanganyiko wote, usitumie ya ile glukosi kidogo uliyoitia. Kinywaji chenye gramu 60 za sukari na gramu 30 za glukosi kwa lita kikadirie kuwa 6 + (3 × 0.7), yaani 8.1. Wanaotumia 0.6 hupata 7.8 kwenye karatasi, wakionja wanakuta zaidi, kisha wanadhani glukosi na sukari zimetiana nguvu. Hakuna kilichotokea isipokuwa namba iliyochaguliwa vibaya.

Fruktosi nayo hubadilika kwa joto. Ikiyeyuka hujigawa katika maumbo kadhaa, na lile umbo tamu zaidi hupungua maji yakipata moto. Kinywaji kikitoka kwenye friji fruktosi inaipita sukari waziwazi. Karibu na nyuzi 40 zinalingana. Kwenye chai ya moto fruktosi iko chini ya sukari. Maji ya tende na asali zinafuata mkondo huohuo, kwa kuwa zimejaa fruktosi.

Asali inafaa kupigiwa hesabu, kwa sababu watu hubishana juu yake bila kupima. Gramu 100 za asali ya kawaida zina fruktosi gramu 38 hivi, glukosi 31, maji 17, na zilizobaki ni maltosi na sukari nyingine. Kwenye kinywaji baridi: 38 × 1.2 ni 45.6, 31 × 0.7 ni 21.7, ongeza 3 hivi za maltosi na nduguze. Jumla ni 70. Kwa mizani, basi, asali ni tamu kwa sehemu 7 kati ya 10 za sukari. Lakini kijiko cha chakula cha asali kina gramu 21, na cha sukari kina gramu 12 au 13. Kijiko kwa kijiko asali inashinda: utamu wa gramu 15 za sukari dhidi ya 12.5. Anayesema asali ni tamu zaidi na anayesema sukari ni tamu zaidi wote wako sahihi, mmoja ana kijiko na mwingine ana mizani. Wewe tumia mizani.

Viongeza vikali: mstari unaopinda

Aspatemu, asesulfemu-K, stevia, sakarini na sukralosi hazifuati mstari mnyoofu. Utamu hupanda kwa kasi mwanzoni, kisha unalegea, na mwishowe unagota kwenye ukomo ambao hauvukwi hata ukimimina kiasi gani. Kanuni yake ni fupi:

Utamu = U × K ÷ (N + K)

K ni kiasi cha kiongeza kwa miligramu kwa lita. U ni ukomo wa utamu. N ni kiasi kinachokufikisha nusu ya ukomo. Vipimo vya waonjaji waliofunzwa vilivyochapishwa Marekani mwaka 1991 vinatoa namba hizi:

- Aspatemu: U 16.0, N 560
- Asesulfemu-K: U 11.6, N 470
- Rebaudiosaidi A, ile sehemu ya stevia inayouzwa zaidi ikiwa safi: U 10.0, N 200

Tazama kinachotokea ukizitumia, na mabano yakionyesha ni mara ngapi kuliko sukari:

| mg kwa lita | Aspatemu | Asesulfemu-K | Rebaudiosaidi A |
|---|---|---|---|
| 100 | 2.4 (242) | 2.0 (204) | 3.3 (333) |
| 250 | 4.9 (198) | 4.0 (161) | 5.6 (222) |
| 500 | 7.5 (151) | 6.0 (120) | 7.1 (143) |

Ile "mara 200" ya aspatemu ipo kwenye jedwali, kwenye utamu 5. Stevia ndiyo inayodanganya zaidi: inaanza kwa kishindo, mara 333, kisha inaporomoka. Ukomo wake ni 10, kwa hiyo anayetaka soda ya utamu 10 kwa rebaudiosaidi A peke yake anatafuta kisichopatikana. Hata kufika 9 kungehitaji miligramu 1,800 kwa lita, na uchungu ungemkimbiza mapema.

Kupata kiasi kutoka kwenye utamu unaoutaka, geuza kanuni:

K = N × Utamu ÷ (U − Utamu)

Aspatemu ya utamu 5: 560 × 5 ÷ 11, yaani miligramu 255. Aspatemu ya utamu 10: 560 × 10 ÷ 6, yaani 933, wakati kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) na cha Umoja wa Ulaya kwa vinywaji baridi ni 600. Asesulfemu-K ya utamu 10 ni miligramu 2,900 na ushei. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuchanganya. Kila kiongeza kinatumika kwenye sehemu ya chini ya mstari wake, kule ambako bado kina nguvu, bila kukisukuma hadi juu ambako kila miligramu inaleta uchungu kuliko utamu.

Namba ya kiongeza ulichonacho wewe

Stevia ya dukani mara nyingi ni mchanganyiko wa glikosidi kadhaa, na sukralosi haimo kwenye orodha hapo juu. Tafuta U na N mwenyewe kwa kulinganisha mara mbili. Tengeneza maji mawili ya kiongeza, moja hafifu na moja zito, mathalani miligramu 100 na 400 kwa lita kwa stevia. Onja kila moja dhidi ya ngazi ya maji ya sukari ya 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8 na 9 hadi upate linalolingana. Likiangukia kati ya ngazi mbili, kadiria nusu.

Tuseme miligramu 100 zimelingana na 3.3, na 400 zimelingana na 6.7. Gawanya kila kiasi kwa utamu wake: 100 ÷ 3.3 ni 30.3, 400 ÷ 6.7 ni 59.7. Sasa U ni tofauti ya viasi gawanya kwa tofauti ya majibu hayo: 300 ÷ 29.4, yaani 10.2. N ni U × 30.3 − 100, yaani 209. Umepata mstari mzima kwa vikombe viwili.

Viasi viwili visikaribiane. Ukipima 100 na 150, kosa la nusu ngazi tu la ulimi litakupa ukomo wa ajabu, hata namba hasi. Acha nafasi ya mara tatu au nne.

Kwa sukralosi anza na maji ya miligramu 40 na 160 kwa lita. Kwenye utamu mdogo itarajie karibu na mara 600, ikishuka kadiri unavyopanda.

Kuchanganya: makadirio mawili, la juu na la chini

Hapa ndipo wengi hutoa namba moja na kuiamini. Toa mbili.

Kadirio la juu ni kujumlisha utamu. Miligramu 250 za aspatemu ni 4.94, miligramu 250 za asesulfemu-K ni 4.03. Jumla 9.0.

Kadirio la chini ni kubadilisha kimoja kiwe kingine, kana kwamba vyote ni kitu kimoja. Asesulfemu-K yenye utamu 4.0 ni sawa na aspatemu ya miligramu 188. Ongeza kwenye 250 ulizonazo: 438. Irudishe kwenye kanuni ya aspatemu: 16 × 438 ÷ 998, yaani 7.0. Ukianzia upande mwingine, aspatemu ikigeuzwa kuwa asesulfemu-K, unapata 6.5.

Kwa nini yawe mawili? Fikiria unachanganya aspatemu na aspatemu. Chupa mbili za miligramu 250 kila moja zina utamu 4.9 na 4.9. Kujumlisha kungesema 9.8, lakini kilichomo sasa ni miligramu 500 za aspatemu, na jedwali linasema 7.5. Viongeza viwili vinavyofanya kazi kwa namna moja hutenda hivyohivyo, vinagongana kwenye mstari mmoja unaopinda. Viongeza vinavyotiana nguvu huachana, kila kimoja kikitembea kwenye mstari wake, na jumla inakaribia kadirio la juu. Kwa aspatemu na asesulfemu-K, ongezeko linalotajwa kwenye kazi hii ni takriban asilimia 30 juu ya wastani wa hizo mbili zikiwa peke yake. Wastani wa miligramu 500 za kila moja ni 6.8, na asilimia 30 juu yake ni 8.8, karibu kabisa na lile kadirio la juu la 9.0. Kwa hiyo kazi yako ni kujua jozi yako iko upande gani.

Sukari ikiwa mojawapo, jumlisha tu. Mstari wake umenyooka, na makadirio hutoka vizuri.

Jozi zinazosaidiana na zisizosaidiana

Aspatemu na asesulfemu-K: zinasaidiana vizuri, chukua kadirio la juu. Aspatemu na sakarini: vilevile. Sukralosi na asesulfemu-K: zinasaidiana kidogo, kaa kati ya makadirio mawili ukiegemea juu. Sukralosi na aspatemu: faida ni ndogo, kaa karibu na la chini. Asesulfemu-K na sakarini: chukua la chini, na afadhali usiitumie jozi hii. Zote mbili huamsha vipokezi vilevile vya uchungu, TAS2R31 na TAS2R43, hivyo unalipia uchungu mara mbili bila kupata utamu wa ziada.

Saiklameti na sakarini ndiyo jozi mashuhuri kuliko zote. Ilitumika sana kwa uwiano wa sehemu 10 kwa 1 hadi Marekani ilipopiga marufuku saiklameti kuanzia mwaka 1969. Nchi nyingi nyingine bado zinairuhusu. Uwiano huo una maana yake. Saiklameti ni tamu mara 30 hivi na sakarini mara 300 au zaidi, kwa hiyo sehemu 10 kwa 1 kwa uzito ni karibu nusu kwa nusu kwa utamu. Hapo ndipo jozi nyingi zinaposaidiana zaidi: utamu ukigawanywa sawa, si uzito. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha jambo zuri zaidi, kwamba kila kimoja huziba vipokezi vya uchungu ambavyo mwenzake huviamsha. Isitoshe, saiklameti hushika sehemu ya kipokezi cha utamu iliyo tofauti na ile inayoshikwa na aspatemu: yenyewe hukaa kwenye protini T1R3, na aspatemu kwenye T1R2.

Jozi usiyoijua ina jaribio lisilohitaji kanuni yoyote. Tengeneza maji mawili yenye utamu uleule, mathalani yote 5: aspatemu miligramu 255 kwa lita, na asesulfemu-K miligramu 356. Hakikisha kwa kuonja kwamba yanalingana. Kisha changanya nusu ya hili na nusu ya lile. Mchanganyiko ukibaki 5, hakuna kusaidiana. Ukipanda, upo. Kwa jozi hii kadirio la juu ni 6.1, tofauti ambayo ulimi wa kawaida unaitambua. Ukishuka chini ya 5, zinakandamizana, achana nazo.

Mfano mzima: choya, lita 10, sukari nusu

Kinywaji cha awali kina gramu 100 za sukari kwa lita. Choya yenyewe haina utamu wa kuhesabu. Lengo ni utamu 10, na sukari inabaki gramu 50 kwa lita. Inayotafutwa ni 5, tuigawe sawa: 2.5 ya aspatemu na 2.5 ya asesulfemu-K.

Aspatemu: 560 × 2.5 ÷ 13.5, miligramu 104. Asesulfemu-K: 470 × 2.5 ÷ 9.1, miligramu 129.

Kadirio la juu ni 5 + 2.5 + 2.5, yaani 10. La chini: asesulfemu-K ikigeuzwa aspatemu inakuwa miligramu 104 nyingine, jumla 208, utamu 4.3, ongeza 5 za sukari, 9.3. Angalia jinsi makadirio yalivyokaribiana. Ukitumia viongeza vikali kidogo, kwenye mwanzo wa mstari, mashaka yanapungua. Ukiondoa sukari yote, mashaka yanapanuka. Ndiyo maana kupunguza sukari nusu ni kazi nyepesi, na kuiondoa yote ni kazi ngumu.

Kwa lita 10, basi: sukari gramu 500, aspatemu gramu 1.04, asesulfemu-K gramu 1.29. Chemsha choya, chuja, yeyusha sukari ikiwa bado moto, acha ipoe, ndipo utie viongeza viwili na kujaza maji hadi lita 10. Aspatemu isitiwe kwenye moto. Molekuli yake huvunjika kwa joto na kwa muda, na ikivunjika haina utamu. Inadumu vizuri zaidi kwenye ukali wa pH 4.3 (pH ni kipimo cha uchachu, na namba ikishuka uchachu unapanda), ambako kwa nyuzi 25 nusu yake hupotea kwa takriban siku 300. Choya ina ukali zaidi ya hapo, na duka lisilo na feni Tanga au Mombasa lina joto zaidi ya hapo. Kinywaji cha kuuzwa ndani ya siku chache kutoka kwenye friji hakina shida. Cha kukaa rafuni miezi kadhaa, badala ya aspatemu weka sukralosi: utamu 2.5 ni gramu 25 za sukari, gawanya kwa 600, miligramu 42 kwa lita. Kugawanya kunaruhusiwa hapa kwa sababu tuko chini kabisa ya mstari.

Ukitaka kisicho na sukari kabisa, gawa kwa watatu: aspatemu ya utamu 5 (miligramu 255), asesulfemu-K ya 3 (164), rebaudiosaidi A ya 2 (50). Jumla ni miligramu 469 kwa lita, na kadirio la juu ni 10. Linganisha na zile 933 za aspatemu peke yake. Anza na hapo, onja, na tarajia kuongeza kidogo.

Kuthibitisha kwa ulimi

Onja ndani ya kinywaji chenyewe. Namba zote za juu zimetoka kwenye maji matupu, na ukali wa choya au ukwaju hufunika utamu kwa kiasi ambacho si lazima kilingane kwa kila kiongeza. Andaa choya mbili zinazofanana kwa kila kitu, moja ikiwa na sukari tupu na nyingine mchanganyiko wako, zote kwa joto moja. Ziwe kwenye vikombe vya aina moja vilivyoandikwa namba za tarakimu tatu zisizo na maana, kama 417 na 862. Ukiandika A na B watu huegemea A.

Waite watu 12. Wasiwe wametoka kupiga mswaki, kuvuta sigara au kunywa kahawa. Nusu yao waanze na kikombe kimoja, nusu na kingine, kwa sababu kikombe cha kwanza huupunguzia ulimi makali na cha pili kinaonekana chapwa. Swali ni moja tu: kipi kitamu zaidi? Asiyejua na achague hivyohivyo. Wasukutue kwa maji na kusubiri dakika moja kati ya vikombe. Kwa stevia na sukralosi ngoja dakika mbili au tatu, maana utamu wake hung'ang'ania.

Wakiwa 10 au zaidi kati ya 12 wamechagua kikombe kilekile, tofauti ni ya kweli: rekebisha. Wakiwa 7 kwa 5, tofauti kubwa haipo. Usihangaike kufukuzia usahihi wa 0.1, watu wengi huhitaji tofauti ya karibu sehemu moja kwa kumi ndipo waitambue, na 9.6 na 10 kwao ni kitu kimoja.

Kurekebisha, badilisha sukari kwanza ikiwa imo, gramu 3 hadi 5 kwa lita kila hatua. Mstari wake mnyoofu unakupa unachotarajia. Kuongeza kiongeza kikali kunasogeza utamu na ladha ya baadaye kwa pamoja, na hutajua kipi kimekuudhi.

Utamu umelingana lakini ladha si yenyewe

Hili hutokea mara nyingi, na hesabu ya utamu haina lawama. Utamu una saa yake. Asesulfemu-K hufika haraka na kuondoka haraka. Aspatemu huja nyuma kidogo na kukaa. Sukralosi na stevia hukaa zaidi. Asesulfemu-K ikiwa imezidi, kinywaji kinapiga mwanzoni kisha kinaacha uchungu wa kama chuma: hamisha utamu 1 kutoka kwake kwenda kwa aspatemu au sukralosi. Utamu ukikatalia mdomoni, punguza stevia au sukralosi na uongeze asesulfemu-K. Stevia ikizidi utamu 3 au 4 ndani ya mchanganyiko, wengi huanza kusikia ladha ya dawa.

Kinywaji kikiwa chepesi kama maji, kilichokosekana ni uzito wa sukari. Gramu 20 hadi 30 za erithritoli kwa lita hurudisha sehemu yake na kuleta utamu wa 1.3 hadi 2, ambao lazima uuhesabu. Ina ubaridi ulimini, ambao kwenye choya ya barafu haudhuru. Kipima-briksi, kile kifaa cha kupimia sukari iliyoyeyuka, hapa hakikusaidii: kinaona sukari na erithritoli, hakioni miligramu za viongeza vikali.

Mipaka na lebo

Baada ya kupata mchanganyiko, zidisha miligramu kwa lita ambazo mtu anaweza kunywa kwa siku na ulinganishe na viwango vya kila siku vya kamati ya wataalamu ya FAO na WHO, kwa kila kilo ya uzito wa mwili: aspatemu miligramu 40, asesulfemu-K 15, sukralosi 15, saiklameti 11, sakarini 5, na glikosidi za stevia 4 zikihesabiwa kama stevioli, ambayo kwa rebaudiosaidi A ni kama 12. Mpigie hesabu mtoto wa kilo 15, usimtazame mtu mzima peke yake. Mwaka 2023 WHO ilishauri watu wasitegemee viongeza hivi kama njia ya kupunguza uzito, kwa hiyo usiuze kinywaji chako kwa ahadi hiyo.

Kabla ya kuuza, pata kiwango cha bidhaa yako kutoka shirika la viwango la kwenu (TBS Tanzania, ZBS Zanzibar, KEBS Kenya au UNBS Uganda), kwani vikomo kwa lita hutofautiana kati ya aina za vinywaji. Penye aspatemu, lebo itaje kuwa ina fenilalanini, kwa ajili ya wenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuivunja fenilalanini. Zailitoli ni sumu kali kwa mbwa, kwa hiyo mabaki yake yasimwagwe wanapofika.

Andika namba ya bechi ya kila kiongeza kando ya U na N ulizopata. Mfuko mpya wa stevia ukifika, rudia kulinganisha kwa vikombe viwili kabla ya kuutia kwenye pipa.